Barua ya wazi kwa wakurugenzi wetu: gari huanza kupinduka likiwa bado yadini

Kwa: Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi na Mkurugenzi Mkuu
Nakala: Mkuu wa Idara ya Uchukuzi, madereva na mataniboi wote wa vituo vya Karamoja

Moroto, Karamoja, Uganda, mwezi wa Februari

KUH: MAGARI YETU KUPINDUKA NJE YA BARABARA, NA LAWAMA KUMBAKIA DEREVA PEKE YAKE

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni dereva wenu, na mwaka huu natimiza miaka 14 nikiendesha magari ya shirika kutoka Amudat hadi Kaabong. Kabla ya hapo niliendesha malori jeshini, na huko ndiko nilikojifunzia Kiswahili hiki ninachowaandikia. Barua zangu tatu za awali niliziandika kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya faili zenu. Hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu katika yadi yetu ya magari yuko Mteso, yuko Mkaramojong, yuko Mganda, yuko Mkonjo na yuko Mturkana aliyevuka kutoka Lodwar, na ninataka kila mmoja wao asome mwenyewe niliyoyasema kwa niaba yake.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba suala limepelekwa kwa wahusika. Ya tatu ilinirudia ikiwa na neno moja la kalamu nyekundu, «Imepokelewa». Vikao viwili tulivyoitwa vilimalizika kwa chai na ahadi. Ndiyo maana leo ninalisema hadharani jambo ambalo ningependa limalizwe ndani. Sitalitaja shirika letu kwa jina, wala kituo, wala mtu, kwa kuwa nia yangu si kuwachafua mbele ya wafadhili. Mnaohusika mtajitambua katika mistari michache ijayo.

Mwezi wa Agosti uliopita gari letu lilipinduka ubavuni mwa kilima likipeleka timu ya chanjo kwenye manyatta zilizo mbali na barabara. Mwenzangu aliyekuwa kwenye usukani alivunjika mtulinga, muuguzi akavunjika mbavu mbili, na hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kwa hilo. Taarifa ya uchunguzi ilikuwa ya ukurasa mmoja, na hitimisho lake lilikuwa sentensi moja: dereva hakuwa mwangalifu. Sentensi hiyo sasa imo ndani ya faili lake.

Nilifika mahali pale siku ya pili pamoja na kundi lililokwenda kulinyanyua gari. Alama za matairi zilikuwa bado zinasomeka kwenye udongo, na zilionyesha kwamba gari lilikuwa likienda mwendo wa mtu anayetembea. Hapakuwa na alama ya breki za ghafla wala ya mchepuko. Tairi la mbele la upande wa juu lilikuwa limepanda jiwe la sentimita 30 hivi, na wakati huohuo tairi la upande wa chini lilikuwa limetumbukia kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, lililofunikwa na nyasi, la kina cha sentimita 20. Paani kulikuwa na jerikeni 10 za maji zilizojaa, mahema mawili, tairi la akiba na masanduku ya vifaa. Vitu hivi vya paani havikutajwa kabisa katika ule ukurasa mmoja.

Naomba mnivumilie nieleze jinsi gari linavyoanguka, kwa sababu nimegundua vikaoni kwamba wengi wenu mnaamini gari hupinduka kwa mwendo kasi tu. Fundi mwashi hutumia timazi kujua kama ukuta umesimama. Gari nalo lina timazi yake isiyoonekana, inayoning'inia kutoka kwenye kitovu cha uzito wake kwenda chini. Timazi ikiangukia katikati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, gari limesimama. Ikivuka nje ya magurudumu ya upande wa chini, gari linalala, hata kama limezimwa na dereva anakunywa maji. Mambo mawili tu ndiyo yanayoamua timazi hiyo itavuka lini: upana kati ya magurudumu na kimo cha kitovu cha uzito.

Tuchukue mfano wa gari la aina yetu. Upana kati ya magurudumu ni kama mita 1.5, na likiwa tupu, lenye kilo 2,300, kitovu cha uzito tukikadirie sentimita 75 kutoka ardhini. Kwa hesabu ya karatasi, gari hilo litalala ubavu likifika mwinamo wa nyuzi 45. Sasa lipandishieni kilo 250 paani, kwenye kimo cha mita 2.2. Kitovu cha uzito kinapanda hadi karibu sentimita 89, na mwinamo wa kuangukia unashuka hadi nyuzi 40. Mtasema nyuzi 5 ni kitu gani. Ubavu wa kilima tulichokuwa tukikipita una mwinamo wa nyuzi 20, ambao kwa macho ni mteremko wa kawaida unaolishwa mbuzi. Jiwe la sentimita 30 upande wa juu na shimo la sentimita 20 upande wa chini, kwa pamoja, viliongeza karibu nyuzi 19 na nusu. Jumla ni 39 na nusu, na hapo sijataja springi za upande wa chini zinavyobonyea, matairi yanavyokandamizika, wala abiria wanavyoteleza kwenye benchi kuelekea upande wa chini. Gari tupu lingetikisika, likawatisha watu na kupita, lakini lile lililotoka yadini asubuhi hiyo halikuwa na nafasi. Dereva alilaumiwa kwa jiwe na shimo la muhanga, nanyi mliopanga zile kilo 250 hamkuulizwa.

Baada ya kusema hayo, naomba niyataje malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Mzigo wa paani. Keria za paani ziliwekwa kwenye magari yetu yote miaka minne iliyopita ili gari moja lifanye kazi ya magari mawili. Hakuna aliyetuandikia kiwango cha kilo kinachoruhusiwa juu yake. Mtunza stoo hupakia kwa kuangalia nafasi, na nafasi ya paani haijai mpaka kamba ziishe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa ofisini anaona jerikeni 10, sisi tunaona kilo 200 na ushei zinazoyumba juu ya vichwa vyetu. Maji ni mzigo mbaya kuliko mawe, kwa sababu jiwe lililofungwa hukaa mahali pake, lakini pipa lililojaa nusu hukimbilia upande ule ule ambao gari limeinamia na kulisukuma zaidi. Tumeomba mara nyingi kwamba vitu vizito vikae sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma na vifungwe, na paani pabakie mahema na magodoro. Jibu tulilopewa ni kwamba sakafuni ni mahali pa abiria.

Hapa pana jambo dogo ambalo huenda hamlijui. Magari yalipoanza kuchoka kwa uzito huo, karakana ililetewa springi nene zaidi, na magari yakanyanyuka vidole vinne kutoka ardhini. Tuliambiwa tushukuru kwamba tumeimarishiwa magari. Kwa kweli kitovu cha uzito kilinyanyuliwa mara ya pili, safari hii kwa gharama ya shirika.

2. Ratiba. Agizo la usalama linataka kila gari liwe limerejea kabla ya saa kumi na mbili jioni, na sina ugomvi nalo, kwa sababu nimeishi Karamoja miaka ambayo agizo hilo liliokoa watu. Ugomvi wangu ni kwamba ratiba hupangwa kwa kuhesabu kilomita kwenye ramani, kana kwamba lami iliyofika Moroto kutoka Soroti imeendelea mpaka Tapac. Vituo vinne kwa siku moja, viwili vyake vikiwa mlimani, humlazimisha dereva achague moja kati ya mambo mawili: akate ubavu wa kilima badala ya kuzunguka, au akimbie njia za ng'ombe alasiri. Kwenye kona, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayolisukuma gari ubavu huongezeka mara nne. Hata jua linaamua. Asubuhi na alasiri vivuli vinakuonyesha kila mfereji na kila shimo. Saa sita mchana ardhi yote huonekana bapa kama mkeka, na huo ndio wakati mnaotutaka tuwe katikati ya kilima.

Wakati wa mvua ni mbaya zaidi. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi, ukilowa, humtoa dereva kwenye usukani. Gari huteleza kiubavu taratibu, watu wakidhani ni mchezo, mpaka tairi lijigonge kwenye ukingo wa mfereji wa zamani uliokauka. Tairi linasimama ghafla, sehemu ya juu ya gari inaendelea na safari. Magari mengi hupinduka kwa namna hiyo, kwa kukwazwa: tairi linalokwenda kiubavu linapata kitu cha kulizuia. Pia ndivyo inavyotokea kwenye maramu pale gurudumu linapotoka ukingoni na dereva aliyeshtuka akaurudisha usukani kwa nguvu. Katika siku kama hizo ratiba ingepaswa kusema «ngojeni», lakini haijawahi.

3. Mafunzo na mwongozo. Mwongozo wetu wa madereva una kurasa 40. Nimeusoma wote. Unaeleza jinsi ya kujaza fomu ya mafuta, rangi ya sare, na adhabu ya kubeba abiria asiyeruhusiwa. Kuhusu mteremko wa ubavu hauna neno. Mafunzo ya mwisho yalikuwa ya siku moja, ukumbini Kampala, na gari la mfano lilikuwa dogo lisilo na keria. Mkufunzi alikuwa mtu mwema, lakini yeye mwenyewe alikiri kwamba hajawahi kupanda mlima Moroto.

Yanayopaswa kuwamo katika mwongozo si siri, wazee wa kazi hii wanayajua. Kilima hupandwa na kushukwa kwa kukinyookea, pua ya gari ikitazama moja kwa moja juu au chini, kwa sababu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna karibu mita 3, mara mbili ya upana wa magurudumu, na gari ni gumu kuangukia mbele au nyuma kuliko ubavuni. Kushuka ni kwa gia ya kwanza, mkono mfupi wa gia ukiwa kwenye nguvu ya chini, injini ikilizuia gari yenyewe. Klachi haikanyagwi, na breki hubembelezwa tu. Ukishindwa kupanda, hugeuzi gari kilimani hata kidogo, hata kama chini kuna umati unaokutazama. Unashika breki, unaweka gia ya kurudi nyuma, unaifuata njia yako mwenyewe kwa kunyooka hadi chini, kisha unaanza upya au unatafuta njia nyingine. Madereva wengi vijana hugeuza kwa aibu, na kugeuza ndiko kunakolilaza gari. Mfereji mfupi unaweza kuuvuka kwa pembe, gurudumu moja moja, lakini korongo lenye kina ukiliingia kwa pembe litakusokota.

Liko jambo moja ambalo halifundishiki kwa maneno. Gari likianza kuinama au kuteleza kiubavu, mkono wa mwanadamu huuvuta usukani kuelekea juu ya kilima, kama mtu anayekimbia moto. Hivyo ndivyo gari linavyomalizikia. Usukani unapaswa kugeuzwa kuelekea bondeni, na mafuta yaongezwe kidogo, ili pua ifuate mteremko na uzito urudi katikati ya magurudumu. Kufanya hivyo ni kwenda kinyume na kila mshipa wa mwili wako. Nilijifunza jeshini kwa kurudishwa kwenye kilima kilekile asubuhi tatu mfululizo, na asubuhi ya kwanza nilivuta juu, kama kila mtu. Hakuna kipeperushi kitakachompa dereva mazoea hayo.

Pamoja na hayo kuna kazi ya taniboi. Mahali pasipojulikana, taniboi hushuka, hupatembea kwa miguu, hupiga nyasi kwa fimbo, kisha huongoza gari akisimama upande wa juu ambako dereva anamwona. Abiria nao hushuka na kutembea. Upande wa chini hasimami mtu. Lakini mwaka jana mataniboi watatu waliondolewa kwa sababu ya kubana matumizi, na sasa anayeshuka kuongoza gari ni muuguzi aliyevaa viatu vya kliniki, au hashuki mtu kabisa.

4. Matairi. Hili nitalisema kwa ufupi. Hatuna kipima upepo kinachofanya kazi wala pampu garini. Kupunguza upepo husaidia tairi kushika mchanga wa Kidepo, lakini tairi lililolegea kupita kiasi, kwenye ubavu wa kilima, linaweza kuchomoka kwenye rimu, na rimu ikachimba ardhi. Anayepunguza bila kipimo na bila pampu ya kurudishia anabahatisha maisha ya watu.

5. Viti na mikanda. Abiria wa nyuma hukaa kwenye benchi mbili zinazotazamana. Mikanda ilikuwapo magari yalipofika. Viti vilipovalishwa vitambaa vipya, mikanda ikafungiwa chini ya vitambaa, na fundi aliyefanya kazi hiyo alilipwa kwa kazi safi. Sheria ya barabara ya Uganda inataka mikanda ifungwe, na gari linapobiringika, anayetupwa nje ndiye anayekutwa na gari likimwangukia. Yule muuguzi aliyevunjika mbavu alikutana na sanduku la vifaa lililokuwa halijafungwa. Sina la kuongeza hapo.

6. Haki ya kusema hapana. Kwa maandishi, dereva ndiye mwenye dhamana ya gari. Kwa vitendo, kiongozi wa timu ndiye anayeamua tupite wapi, na dereva anayekataa huandikwa kuwa mkaidi. Mwaka juzi nilikataa kuvuka korongo lililokuwa linaanza kujaa maji, tukalala upande uleule tuliokuwa, na nikakatwa posho ya siku hiyo. Kiongozi aliyenikatia alikuwa kijana mwenye adabu, alinijia baadaye akasema, «Mzee, samahani, fomu haina sehemu ya kuandika sababu hiyo.» Ninamwamini. Fomu kweli haina.

7. Uchunguzi. Kila gari linapopinduka, maswali ni kuhusu dereva: alilala saa ngapi, alikunywa nini, leseni yake inaisha lini. Maswali hayo ni halali na yaendelee kuulizwa. Lakini haijawahi kuulizwa gari lilipakiwa na nani, lilikuwa na kilo ngapi na wapi, ratiba ilimpa saa ngapi, na nani aliamuru njia ile. Mwenzangu alihojiwa akiwa kitandani, siku ya tatu, bila mtu wa kukaa naye.

Waheshimiwa, nimekaa nanyi vikaoni vya kutosha kujua mtakayonijibu, kwa hiyo naomba niyajibu mapema.

Mtasema magari tuliyonunuliwa ni imara na yanaendeshwa na magurudumu yote manne. Ni kweli, na ni magari mazuri. Lakini magurudumu manne yanasaidia kuvuta, hayasaidii kusimama. Tena gari lenye nguvu humfikisha dereva mahali ambapo gari dhaifu lingekwama mapema na kuwaokoa watu wote.

Mtasema madereva wanakimbia. Wapo. Nimewaona, na mara moja miaka mingi iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, nikirudi Kotido usiku unaingia. Dereva anayekimbia mfungieni, mimi nitakuwa shahidi wenu. Ila gari la Agosti halikukimbia, na adhabu ya kosa ambalo hakulifanya haitamfundisha yeye wala mwingine.

Mtasema barabara si zetu, ni za serikali. Ingekuwa hoja kama tungekuwa barabarani. Tunakofika hakuna wizara iliyowahi kuahidi barabara. Tunafuata nyayo za ng'ombe, na ng'ombe hana upana wa mita 1.5 wala keria.

Mtasema wafadhili hawakubali gharama. Kushusha mzigo paani hakuna gharama. Kurudisha mikanda juu ya vitambaa ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Trela dogo la kubeba maji na mahema lina gharama, sikatai, lakini gari lile lililolala Agosti bado liko nyuma ya karakana limefunikwa turubai, na nyote mnajua thamani yake kuliko mimi. Nao wenzetu wanaopeleka wageni kuwaona sokwe upande wa Kisoro, kwenye milima ya udongo unaoteleza kuliko wetu, wanaishi kwa ushindani wa biashara na bado wapo wanaokataa mzigo wa paani siku za mvua.

Na huenda mmoja wenu atasema kwamba dereva hapaswi kuandika hadharani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mazingira ya kazi ni salama. Mahali pangu pa kazi ni kiti kimoja nyuma ya usukani, mahali popote gari liliposimama. Nimeandika ndani ya nyumba mara tatu.

Tunachoomba ni hiki. Kuanzia sasa, na bila kungoja bajeti, paani pasipakiwe maji, mafuta wala tairi la akiba, na kiwango cha kilo kinachoruhusiwa kiandikwe kwa rangi kwenye mlango wa kila gari, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji na si kwa makadirio ya stoo. Mikanda irudishwe kwenye viti vyote kabla ya mwisho wa mwezi wa Machi, na viti vya nyuma vitazame mbele pale inapowezekana. Springi zilizonyanyua magari ziangaliwe upya na fundi asiyetoka kwa muuzaji wake. Mataniboi watatu warudishwe. Kila gari lipewe pampu, kipima upepo na kile kifaa kidogo cha kupimia mwinamo kinachobandikwa mbele ya dereva. Mpaka kifike, tutaendelea kutumia chupa ya maji iliyojaa nusu iliyolazwa kwenye dashibodi, ambayo nayo husema ukweli kwa kiasi chake.

Tunaomba mafunzo ya siku tatu, hapa Karamoja, kwenye kilima halisi, na gari lililopakiwa vilevile linavyopakiwa kazini, na viongozi wa timu wakae ndani yake kama abiria. Ratiba ipangwe kwa saa ambazo madereva wenyewe wamezithibitisha, na wakati wa mvua ipunguzwe vituo. Fomu ya safari iongezewe mstari mmoja tu, wa dereva kuandika kwamba amesimamisha safari na sababu yake, na mstari huo usimkatie posho.

Mwisho, faili la mwenzangu lifunguliwe upya, uchunguzi ufanywe na watu wasiotoka idara ya uchukuzi, hati ya upakiaji ya siku ile itolewe, na gharama za matibabu alizojilipia mwenyewe arudishiwe. Bado hawezi kunyanyua mkono wa kushoto kupita bega. Hilo nilishuhudia Jumapili iliyopita nilipompelekea posho yake.

Ninaomba jibu la maandishi kabla mvua za Aprili hazijaanza. Ninakubali kuitwa kwenye kikao, mradi madereva wengine wawili wawepo na muhtasari wake usomwe kwa sauti kabla hatujatawanyika.

Kesho alfajiri nimepangiwa gari la pili, kwenda upande wa mlima. Nimetoka yadini sasa hivi. Keria imekwisha kufungwa, na nimehesabu jerikeni 12. Nitazishusha kabla ya kuwasha injini, nizipange sakafuni mbili mbili mpaka nafasi iishe, zitakazobaki nitaziacha kwa mtunza stoo, na nitaandika kwenye daftari la safari kwamba ni mimi niliyezishusha.

Wenu mtiifu katika kazi,

Dereva mwandamizi, yadi ya magari, Moroto